Somo: Vitamini D na K zinavyogawana kazi ya kalsiamu mwilini

Wengi tukisikia mifupa tunakimbilia vidonge vya kalsiamu, vitamini zinakuja baadaye kama zikikumbukwa. Huko ni kuanzia mwisho. Vitamini D ikipungua, utumbo hufyonza asilimia 10 hadi 15 tu ya kalsiamu uliyokula. Ikitosha, hufyonza 30 hadi 40.

Hatua ya 1: Elewa nani anafanya nini
D huingiza kalsiamu kwenye damu. Vitamini K huamsha protini kadhaa, na mbili zinahusu kalsiamu. Ya kwanza, osteokalsini, hushika kalsiamu kwenye mfupa. Ya pili, inayoitwa MGP, imo kwenye kuta za mishipa ya damu na huzuia kalsiamu isijijenge humo. K ikikosekana protini hizi zipo, ila zimelala. Ndiyo maana mifupa na moyo huzungumzwa pamoja: kalsiamu inayoimarisha mfupa ndiyo hiyo hiyo inayokakamaza mshipa ikikaa pasipo pake.

Hatua ya 2: Usiisahau magnesiamu
Ini na figo ndizo huigeuza D kuwa ya kufanya kazi, na vimeng'enya vyake vinataka magnesiamu. Ipo kwenye mbegu, karanga, jamii ya kunde na nafaka zisizokobolewa.

Hatua ya 3: Chakula kwanza
Vitamini K ina aina mbili, K1 na K2. K1 iko kwenye mboga za majani ya kijani. K2 iko kwenye jibini, kiini cha yai na baadhi ya vyakula vilivyochachushwa. D tunaipata kwa jua na samaki wenye mafuta. D na K huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo mboga iliyochemshwa bila mafuta inakupunja.

Hatua ya 4: Vidonge, kama vinahitajika
Kiwango cha D kwa siku ni IU (kipimo cha kimataifa cha vitamini) 600 kwa mtu mzima, 800 akivuka miaka 70. Usipite 4000 bila daktari. Ikizidi sana, kalsiamu hupanda kwenye damu: kichefuchefu, kiu, mkojo mwingi, hata mawe kwenye figo.

Nisiwadanganye kuhusu moyo. Utafiti wa VITAL wa Marekani uliwapa maelfu ya watu D ya IU 2000 kila siku, na mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua. Kwa asiye na upungufu, kidonge si kinga.

MASWALI

– Mkuu, mama anatumia warfarini. Aache mboga za majani?
Asiache. Dawa hiyo ya kuzuia damu kuganda hufanya kazi kwa kuipinga K, kwa hiyo kinachovuruga ni leo kula nyingi, kesho hakuna. Ale kiasi kile kile, na vidonge vya K asiviguse bila daktari wake kujua.

– Kalsiamu ya siku nzima naweza kuimeza kwa mkupuo?
Hapana, igawe, isizidi miligramu 500 kwa mara moja. Kama unameza levothairoksini ya tezi ya shingo, ziachanishe saa 4.

– K2 inasafisha mishipa iliyokwisha kukakamaa?
Matangazo ndiyo yanasema hivyo. Nchini Denmark wanaume wazee walipewa K2 pamoja na D kwa miaka 2, na kalsiamu kwenye vali ya moyo iliendelea kuongezeka karibu sawa na kwa wale waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Kama daktari amekuandikia dawa za presha au kolesteroli, endelea nazo.