Lisboa: panda kwa tramu, shuka kwa miguu

Lisboa, mji mkuu wa Ureno, imekaa juu ya vilima, na wageni wengi huwashinda siku ya kwanza kwa sababu wameanzia bondeni, wakapanda ngazi juani, na kufika saa sita miguu imekwisha. Anzia juu.

Kwanza nunua kadi ya navegante, ya kulipia usafiri wa umma, kwenye mashine ya kituo cha metro, senti 50 za yuro, kila mtu na yake. Itie tiketi ya saa 24. Saa zinahesabiwa tangu unapoigusisha mara ya kwanza, basi usiiguse usiku ukielekea kulala. Kadi moja haibebi aina mbili za tiketi kwa wakati mmoja, na hapo ndipo mashine huwakatalia watu. Tiketi ya kununua kwa dereva ni ghali zaidi.

Tramu namba 28 ipande Martim Moniz, inakoanzia, kabla ya saa tatu asubuhi. Ukiidaka njiani utasimama umebanwa, na wezi wa mifukoni huipenda ikiwa imejaa: begi liwe kifuani. Shuka Graça, tazama mji kutoka uwanja wa mbele ya kanisa, kisha teremka taratibu hadi uwanja wa Portas do Sol.

Hapo pembeni kuna ngazi zinazoingia mtaa wa kale wa Alfama. Jina hilo ni la Kiarabu, limetokana na chemchemi za maji moto, ndugu wa neno letu hamamu. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 liliuangusha mji, lakini Alfama, iliyojengwa juu ya mwamba, ilibaki na vichochoro vyake vilevile. Ramani ya simu humu hupotea, kwa kuwa kuta zimekaribiana mno. Iache. Fuata mteremko tu. Kila kichochoro mwishowe hukutoa upande wa mto Tejo. Vaa viatu vya soli inayoshika, maana yale mawe meupe ya chokaa yakilowa huteleza kama sabuni.

Baixa, mtaa wa chini, ni tambarare na mitaa yake imenyooka, kazi ya Marquês de Pombal, waziri aliyeujenga upya mji baada ya tetemeko. Foleni ya lifti ya Santa Justa haina haja: nenda Largo do Carmo, penye magofu ya kanisa lililobomoka siku ileile, utembee hadi kwenye daraja la lifti hiyo. Kwenda ngome ya São Jorge, tumia lifti ya bure ya Rua dos Fanqueiros.

Mezani, mkate na zeituni vinavyoletwa kabla hujaagiza hulipiwa ukivila. Huvitaki? Virudishe mapema.

Mtaa wa Belém uachie siku yake, kwa tramu 15, ila si Jumatatu: monasteri ya Jerónimos hufungwa. Ndani yake kuna kaburi la Vasco da Gama, yuleyule aliyetia nanga Malindi mwaka 1498.