Kutengeneza kitabu cha bendera

Kitabu cha bendera ni ubunifu wa Hedi Kyle, msanii wa vitabu wa Marekani, wa mwishoni mwa miaka ya 1970. Mgongo wake ni ukanda uliokunjwa kama kodiani. Juu yake hubandikwa vipande vya kadi, ndizo bendera, vinavyoelekea pande mbili, na ukivuta majalada vinapishana kwa mkupuo mmoja. Hakuna uzi wala sindano.

Kata ukanda wa manila wa kimo cha sm 15 na upana wa sm 28, bendera 12 za sm 10 kwa 4.6, na majalada mawili ya kadibodi ngumu, upana sm 11, kimo sm 15.6. Kabla ya kukata, pinda karatasi taratibu kwa urefu, kisha kwa upana: pale inapokubali kwa wepesi, mstari wa mpindo ndio mwelekeo wa nyuzi za ndani ya karatasi yenyewe. Nyuzi zote ziwe sambamba na mgongo. Zikiwa kinyume, mikunjo hupasuka na jalada hupinda gundi ikikauka.

Kunja sm 4 kila mwisho wa ukanda kwa ajili ya majalada. Sm 20 za katikati usizipime mkunjo kwa mkunjo, maana makosa madogo hujumlishana na mgongo ukaenda upogo. Zikunje nusu, robo, halafu thumni. Sasa pishanisha bonde (mkunjo unaoingia ndani) na kilele (unaotokeza kwako), ukianza na kumaliza kwa bonde, upate vilele vinne. Sugua mikunjo kwa mgongo wa kijiko.

Kwenye kila kilele, bendera ya juu na ya chini hukaa mteremko wa kushoto zikielekea kulia. Ya kati hukaa mteremko wa kulia ikielekea kushoto. Acha mm 3 juu, chini na baina yao, la sivyo zitakwaruzana. Acha pia mm 2 kutoka bondeni. Zinazoelekea kulia anza kubandika kilele cha kulia kabisa, maana kila bendera hufunika mahali pa jirani yake. Gundi nyeupe iwe nyembamba. Ikizidi huvuja na kugandisha mikunjo.

Picha za kuweka kwenye bendera zipangeni kwa kujua hili: kitabu kikifunguka, safu za juu na chini huonyesha nzima bendera ya kushoto kabisa tu, zilizobaki huchungulia ncha, kama sm 4. Safu ya kati ni kinyume. Uso wa mtu ukiangukia karibu na mgongo umepotea. Jaribuni kwanza kwa karatasi tupu zenye namba.

Majalada hubandikwa mwisho, mkunjo ukilingana na ukingo wa kadibodi, kisha kitabu kikae chini ya uzito usiku kucha.