Kumnasa Nagona: somo la kusaka riwaya iliyotoweka madukani

Ukimtaja mwandishi Euphrase Kezilahabi mbele ya muuza vitabu, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye riwaya yake Rosa Mistika. Sema Nagona uone. "Hiyo ni ya kidato cha ngapi?" Ukijibu kwamba si ya kidato chochote, mazungumzo yameishia hapo.

Nagona ilitoka 1990, na nduguye Mzingile 1991, zote kwa Dar es Salaam University Press. Mzee Kezilahabi alikuwa ameshaandika riwaya nne za maisha tunayoyajua, kisha akaamua kuziacha njia zote zenye alama. Msimuliaji hana jina, mahali hapana ramani, na wanafikra waliokufa karne nyingi zilizopita wanakutwa wamekaa. Wasomi wana majina yao ya kitaaluma kwa uandishi huo. Mimi naziita riwaya za ajabu, basi. Nilimtafuta Nagona kwa miaka miwili. Nawaandikia nilivyofanya, pamoja na pale nilipopigwa.

Hatua ya 1: tafuta kwa namba

Ukiandika jina la kitabu kwenye intaneti utaletewa makala za uhakiki kurasa kwa kurasa, na kitabu chenyewe hukioni. Ingia WorldCat, orodha inayounganisha maktaba za dunia, uchukue ISBN, namba ya utambulisho ya kitabu. Namba za Tanzania huanza na 9976 au 9987, za Kenya 9966.

Kuna mtego hapa. Vitabu vya kabla ya 2007 vina tarakimu 10, na wauzaji wengi wa mtandaoni wanataka 13. Watu wanabandika 978 mbele, wanaambiwa hakipo, wanakata tamaa. Tarakimu ya mwisho nayo inabadilika! Iondoe, weka 978 mbele ya tisa zilizobaki, sasa una 12. Zidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, hivyo hivyo hadi mwisho, kisha jumlisha. Angalia imepungua ngapi kufikia kumi inayofuata. Jumla ikiwa 113, tarakimu ya mwisho ni 7. Ikiwa 120, ni 0. Tafuta kwa namba zote mbili, ya zamani na mpya.

Hatua ya 2: kione kwanza

Kabla ya kununua, nenda ukakishike. Kwa aliye Dar es Salaam, anza na mkusanyo wa East Africana, wa machapisho ya Afrika Mashariki, katika maktaba ya Chuo Kikuu, Mlimani, kisha Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi. Aliye Uingereza aulize SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika, London. Maktaba ya Bunge la Marekani nayo ina ofisi Nairobi tangu 1966, ya kununua machapisho ya huku kwetu, ndiyo maana wakati mwingine kitabu cha Dar unakikuta Washington kabla hujakikuta Kariakoo. Inauma kidogo, lakini ndivyo ilivyo.

Ukikipata, andika rangi ya jalada, idadi ya kurasa na maneno ya mwisho kabisa ya kitabu. Utaona faida yake hatua ya 5.

Hatua ya 3: watu

Hapa ndipo kazi ilipo. Hivi vilikuwa vitabu vya chuo. Waliovinunua walikuwa wanafunzi wa Kiswahili wa miaka ya tisini, wengi wakaenda kufundisha, na sasa wamestaafu au wanakaribia. Kitabu kipo kwenye kabati la sebuleni, Morogoro au Bukoba, na mwenyewe amekisahau.

Usimpigie mtu simu na kumwuliza, "Unacho Nagona?" Atasema hana, kwa sababu hakumbuki. Mwombe ukamsalimie. Mimi nilikwenda kwa mwalimu mmoja mstaafu, tukanywa chai, tukazungumza habari za mvua na za wajukuu, ndipo nikaomba ruhusa ya kuangalia kabati. Vitabu hivi ni vyembamba, havifiki kurasa mia, na mgongo wake unamezwa na vya jirani. Kwa hiyo usisome migongo: chomoa kimoja kimoja. Nagona alikuwa katikati ya kamusi na daftari la michango ya harusi ya mwaka ambao hata mwenye harusi ameshausahau.

Akakishika, akakifungua, akatabasamu. "Hiki sikiuzi, mwanangu." Nikanyamaza. Baada ya kikombe cha pili akasema, "Lakini kuna mwenzangu alinunua viwili." Nakala yangu ndiyo hiyo ya pili.

Hatua ya 4: barabarani

Wauza vitabu vya mitumba wa Samora na wa Mwenge, Dar es Salaam, na wale wa Nairobi wanaopanga vitabu chini, wanaoitwa inama, hawana orodha. Uliza "vitabu vya chuo vya zamani", halafu piga magoti uchambue mwenyewe. Acha jina la kitabu kwa herufi kubwa kwenye karatasi pamoja na namba yako ya simu.

Hatua ya 5: kabla ya kutuma pesa

Muuzaji mmoja alinitumia picha ya jalada zuri, nikamrushia shilingi 25,000 kwa simu. Kilichofika ni jalada halali lililobandikwa juu ya nakala kivuli, na kurasa 16 hazimo. Tangu siku hiyo nadai picha nne: jalada, ukurasa wa hakimiliki, ukurasa wa katikati na ukurasa wa mwisho. Yale maneno ya mwisho uliyoandika maktaba ndiyo yatakayokuokoa.

Maswali ya wasomaji

*Shikamoo mwalimu. Niko Muscat, nitakipataje huku?*

Marahaba. Mtafute ndugu aliyeko Dar akufanyie hatua ya 4, na mwingine anayesafiri akibebe. Kitabu chenyewe kinaingia mfuko wa koti. Ukiamua kununua mtandaoni, AbeBooks inakubali utafute kwa ISBN. Weka zote mbili, na bado udai picha.

*Kaka, si uturushie tu PDF tumalize maneno?*

Hapana. Mwandishi amefariki Januari 2020 tu, hakimiliki yake iko hai. Kama ni sura moja ya masomo, waulize wakutubi wanakuruhusu utoe kopi kiasi gani.

*Mimi naandika tasnifu na nina nakala kivuli. Naweza kunukuu humo?*

Linganisha kwanza namba za kurasa na nakala ya maktaba. Anayetoa kopi akiruka ukurasa mmoja, na mwingine akaandika namba upya kwa kalamu, nukuu zako zote zitakuwa zimeteleza, na msimamizi atakuuliza wewe, si mwenye mashine.

*Marehemu mama ameacha Mzingile, jalada limechomoka. Nikiuze bei gani?*

Pole sana, dada. Bei siwezi kukupangia, ila jalada usiligundishe kwa selotepu, gundi yake inageuka njano na kula karatasi. Weka jalada na kitabu ndani ya bahasha moja, mbali na unyevu. Kisha angalia kama mama aliandika chochote pembeni mwa kurasa kabla hujaamua kukiuza. Ukishaangalia na bado unataka kukitoa, mimi nina nakala mbili za Gamba la Nyoka, riwaya yake nyingine, tubadilishane.