Somo: Kurekebisha mwendo wa filamu bubu kabla ya kuionyesha

Nakala nyingi za filamu bubu zilizoko mtandaoni zinakwenda mbio kuliko ilivyokusudiwa, na chanzo chake ni hesabu. Mpigapicha wa miaka ya 1910 alizungusha mpini wa kamera kwa mkono: mizunguko miwili kwa sekunde, fremu (picha moja moja zinazounda filamu) nane kila mzunguko, jumla 16 kwa sekunde. Sinema yenye sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, kasi ikafungwa kwenye fremu 24 kwa sekunde. Fremu 16 zikichezwa kwa kasi ya 24, dakika 15 za mchezo zinaisha kwa dakika 10, na mama anayemlilia mwanawe anaonekana kama anafukuza kuku.

Utahitaji kompyuta yenye programu mbili za bure, mpv na ffmpeg, pamoja na karatasi na kalamu.

Hatua ya 1: Kagua faili. Ifungue kwa mpv, isimamishe, kisha bonyeza kitufe cha nukta ili isogee fremu moja moja. Mkazie macho mtu anayetembea. Akisogea kila unapobonyeza, faili ina fremu za asili tupu, na kazi itakuwa rahisi. Akiganda mara moja katika kila mibonyezo minne, aliyeandaa nakala alirudia fremu ili 18 zijaze nafasi ya 24. Akiganda mara moja katika kila mitatu, asili ni 16. Katika kila sita, ni 20. Faili ya namna hiyo imesharekebishwa, iache. Wengi huharibu hapa hapa: wanapunguza kilichokwisha kupunguzwa, halafu wanailaumu filamu kwamba inachosha.

Hatua ya 2: Pima kasi ya kamera. Tafuta mahali kitu kizito kinapodondoka: tofali, sanduku, mtungi. Kikianguka kutoka kimo cha mita 1, karibu kiunoni kwa mtu mzima, hutumia sekunde 0.45 kufika chini. Hesabu fremu tangu kinapoachiwa hadi kinapogusa ardhi. Fremu 7 ni sawa na kasi ya 16 hivi. 8 ni 18. 9 ni 20. 11 ni 24. Kofia, kitambaa na karatasi havifai, hewa huvichelewesha. Ukikosea fremu moja tu umepotea kwa fremu mbili hivi kwa sekunde, kwa hiyo pima sehemu tatu au nne za filamu. Usishangae zikitofautiana, mkono wa binadamu si mota.

Hatua ya 3: Amua kasi ya kuonyesha. Hapa ndipo pa kutuliza akili, maana kasi uliyopima si lazima iwe ndiyo ya kuonyeshea. Waendesha projekta wa enzi hizo kwa kawaida walikwenda kasi kidogo kuliko kamera. Kwa filamu ya huzuni au mapenzi, chukua kipimo chako kisha ongeza fremu moja au mbili.

Vichekesho vina kanuni nyingine. Katika studio kama Keystone ya Mack Sennett, iliyoanzishwa 1912, mpini ulizungushwa polepole makusudi wakati wa kukimbizana, ili kwenye pazia polisi waonekane wanaruka. Ukipima tukio hilo ukapata 12, kisha ukaonyesha filamu nzima kwa 12, kichekesho kimekufa. Pima kwenye tukio tulivu, watu wamekaa wanakula au wanazungumza, halafu tumia kasi hiyo hiyo mwanzo hadi mwisho. Mbio zitabaki mbio.

Kama hakuna kinachodondoka popote, anzia hapa: kabla ya 1915, jaribu 16 hadi 18, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920, 18 hadi 20, baada ya hapo, 20 hadi 24.

Hatua ya 4: Jaribu, kisha tengeneza. Ndani ya mpv, kitufe cha [ hupunguza mwendo. Kwa faili ya 24, ukikibonyeza mara mbili unapata karibu 20, mara tatu karibu 18. Tazama dakika tano nzima kabla ya kuamua. Ukiridhika, fungua dirisha la amri la kompyuta (terminal) uandike:

ffmpeg -i asili.mp4 -an -vf "setpts=1.3333*PTS" -r 18 -c:v libx264 -crf 18 mpya.mp4

Namba 1.3333 ni 24 kugawa kwa 18. Kwa kasi ya 20 weka 1.2, na -r 20. Kwa 16 weka 1.5, na -r 16. Faili ikiwa ya 25, anza na 25 badala ya 24. Sehemu ya -an inaondoa muziki wa zamani, ambao sasa haungelingana na picha.

Hatua ya 5: Vibao vya maandishi, vile vinavyokatiza picha ili usome maneno. Navyo vimerefuka: cha sekunde 6 sasa ni 8. Kisome kwa sauti mara mbili, mwendo wa kawaida. Kinachozidi hapo kata. Kwenye nakala nyingine kibao kina fremu chache tu, kinapita kama umeme. Kigandishe kwa programu ya kuhariri.

Hatua ya 6: Umbo. Picha ni 4:3. Pazia la kimo cha mita 1.5 liwe na upana wa mita 2. Acha weusi pembeni. Ukiikuza ijaze 16:9 unatupa robo ya picha, na kwa mchekeshaji robo hiyo ndiyo miguu.

MASWALI

*Mkuu, nakala yangu ina matukio ya bluu tupu. Niyageuze kuwa nyeusi na nyeupe?*
Usiguse. Bluu ni usiku. Filamu za wakati huo zilihitaji mwanga mwingi, hivyo usiku ulipigwa mchana kisha ukatiwa rangi. Katika Nosferatu ya 1922, ukiondoa rangi unamwona mnyonya damu anatembea juani, wakati jua ndilo linalomuua.

*Nimepunguza The Gold Rush ya Chaplin, imekuwa nzito mno. Kwa nini?*
Je, ina sauti ya msimulizi? Basi hilo ni toleo la 1942, ambalo Chaplin mwenyewe alilitengeneza upya kwa sauti. Linachezwa kwa 24. La 1925 ndilo lenye vibao.

*Nikionyesha kwenye televisheni, kingo za mikono zinayeyuka.*
Televisheni inabuni fremu za katikati. Zima kipengele cha kulainisha mwendo kwenye mipangilio. Picha ikibaki inashtuka-shtuka, jaribu kasi ya 20: kwenye kioo kinachoonyesha picha mara 60 kwa sekunde kila fremu inaonyeshwa mara tatu kamili, wakati 18 haigawanyiki.

*Wadau, naweza kusimulia juu yake kama DJ Afro, yule msimulizi wa filamu wa Kenya, badala ya muziki?*
Unaweza, na hutakuwa wa kwanza. Japani walikuwa na benshi, wasimulizi waliosimama kando ya pazia, na wengine walikuwa na majina makubwa kuliko waigizaji. Ila nyamaza kibao kinapotokea hadi usome kilichoandikwa, na mchekeshaji akianguka usitangaze. Subiri watu wacheke kwanza, ndipo uendelee.