Namna ya kupima kozi ya maandalizi kabla ya kulipa ada

Usiwaulize walio katikati ya kozi ya maandalizi ya kuingia chuo kikuu ughaibuni kama wameridhika. Mimi mwezi wa tatu wa kozi ningekujibu ndiyo bila kusita: walimu wapole, madarasa madogo. Chuo kikuu kilipoanza ndipo nikagundua sikuwahi kufundishwa kuandika insha yenye marejeo, wala kufuata mhadhara wa saa nzima huku naandika. Iliniuma sana. Kwa hiyo tafuta waliokwisha kumaliza mwaka wa kwanza ughaibuni, angalau watatu, na mmoja wao awe aliyekwama au kuhama.

Waulize mambo mahususi. Insha yako ndefu kuliko zote ilikuwa na maneno mangapi? Nani aliisahihisha, na ilirudi baada ya siku ngapi? Uliwahi kusimama ukatetea hoja mbele ya wenzako? "Ilikuwa nzuri" si jibu, subiri mfano.

Kisha angalia cheti kinafungua mlango upi. Studienkolleg ya Ujerumani, yaani kozi ya maandalizi ya chuo kikuu kwa wanafunzi wa kigeni, kwa kawaida huchukua mihula 2 na huishia kwenye mtihani uitwao Feststellungsprüfung. Kozi nyingine hutambuliwa na vyuo vichache tu, kwa hiyo andikia chuo unachokitaka na upate jibu la maandishi, si maneno ya wakala.

Kama umeshafanya IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, hesabu muda: matokeo huhesabiwa halali kwa miaka 2, na kozi ndefu huweza kuula muda huo kabla hujaomba nafasi.

Malazi uliza mwishoni.