Namna ya Kufuatilia Kutawazwa kwa Mfalme wa Malaysia Ukiwa Barazani Lamu

Muhula wa Sultan Ibrahim wa Johor, mfalme wa 17 wa Malaysia, ulianza tarehe 31 Januari 2024, na Mungu akipenda utakamilika mwanzoni mwa mwaka 2029. Mwongozo huu ni wa walimu wa madrasa na wa shule, viongozi wa vikundi vya vijana, na yeyote hapa Lamu anayekusudia kukusanya watu barazani ili watazame kutawazwa kwa mfalme ajaye na kukielewa wanachokiona. Sherehe hiyo inastahili macho ya watu wa mji wetu, kwa kuwa ni ya Waislamu wa ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi, na imejaa vyombo na mavazi ambayo wazee wetu wangeyatambua bila kuelezwa. Lakini anayeitazama bila kujiandaa ataona maandamano na mapambo tu, na jambo lenyewe litampita. Jambo lenyewe ni kwamba mfalme huyu amechaguliwa na wafalme wenzake kwa muda maalumu, na matendo makuu ya siku ile yamepangwa ili hilo lionekane.

Anza na karatasi kabla ya kuwasha televisheni. Andika majina ya majimbo tisa yenye wafalme wa kurithi, kwa mpangilio huu wa zamu: Negeri Sembilan, Selangor, Perlis, Terengganu, Kedah, Kelantan, Pahang, Johor na Perak. Malaysia ina majimbo 13. Manne yaliyobaki, yaani Pulau Pinang, Melaka, Sabah na Sarawak, yana magavana, na magavana hao hawashiriki katika kumchagua mfalme. Mfalme wa kwanza wa nchi nzima, Tuanku Abdul Rahman wa Negeri Sembilan, alianza tarehe 31 Agosti 1957, siku ileile ya uhuru, na mzunguko wa kwanza ulifungwa na Sultan Azlan Shah wa Perak mwaka 1994. Tangu hapo orodha imerudiwa kwa mpangilio uleule, na sasa imebaki Perak peke yake kabla ya kurudi juu kwa Negeri Sembilan. Waeleze wasikilizaji kwamba mpangilio huo ni tunda la matukio pia. Mwaka 1984 Perak ndiyo iliyotazamiwa, lakini Sultan Idris Shah alifariki mwezi Januari, kabla ya uchaguzi, na Johor ikatangulia. Ndiyo sababu Perak ikaja kuwa ya mwisho.

Wengi wanaosikia habari hizi kwa mara ya kwanza hudhani kwamba zamu inajiendesha yenyewe, kwamba mmoja akiondoka anayefuata anaingia tu. Sivyo, na njia bora ya kuliondoa dhana hilo ni kuupiga uchaguzi wenyewe mkiwa hapo barazani. Chagua vijana tisa, mpe kila mmoja jimbo lake, na uwaketishe pamoja kama Majlis Raja-Raja, baraza la wafalme linalotambuliwa na katiba ya nchi hiyo. Mtu mmoja awe Mtunza Muhuri wa Wafalme, naye ndiye atakayegawa karatasi. Karatasi zisiwe na nambari wala alama yoyote, na wote waandike kwa kalamu ya aina moja na wino wa aina moja, ili asiweze kujulikana nani kaandika nini. Jina linalowekwa mbele ni moja tu, la mwenye zamu, na kila kijana ataandika iwapo anamwona mwenzake anafaa au hafai. Zikipatikana kura tano za kumkubali, anaulizwa kama yuko tayari kuupokea ufalme, maana anayo haki ya kukataa. Akikataa, au kura zisipotimia, linawekwa jina linalofuata kwenye orodha. Mkishamaliza, haribuni karatasi zote mbele ya wale tisa, kwa sababu ndivyo wafanyavyo wafalme wenyewe. Naibu mfalme huchaguliwa vivyo hivyo, na unaibu haumpi hati ya kurithi: kiti kikiwa wazi, kura hupigwa upya.

Usiiharakishe sehemu hii. Kijana aliyeshika karatasi ile mkononi, akafikiri kama ampe mwenzake kura au amnyime, ataielewa heshima wanayopeana wafalme siku ya kutawazwa kuliko aliyesomewa ibara za katiba kutwa nzima.

Baada ya hapo watenganishie siku mbili ambazo watu huzichanganya. Siku ya kwanza ni ya kiapo, na kisheria ndiyo siku ambayo utawala unaanza. Mfalme mteule hula kiapo mbele ya wafalme wenzake, na maneno yanayofungua kiapo hicho, kama yalivyoandikwa katika jedwali la nne la katiba, ni "Wallahi, Wabillahi, Watallahi", ambayo hakuna mtu wa Lamu atakayehitaji kufasiriwa. Siku ya pili ni ya kutawazwa kwenyewe, nayo huja miezi kadhaa baadaye. Sultan Ibrahim aliapa tarehe 31 Januari 2024 na akatawazwa tarehe 20 Julai mwaka huohuo. Kwa hiyo mkiona habari za kiapo msidhani kwamba mmekosa sherehe. Hapo ndipo mnapopaswa kuanza kupanga kikao.

Kupanga kikao ni kazi nyepesi, isipokuwa saa. Malaysia iko mbele yetu kwa saa tano, na shughuli ikianza saa nne asubuhi kule, hapa itakuwa saa kumi na moja alfajiri. Wanaume wanaweza kutoka msikitini moja kwa moja hadi barazani, na mahamri na mbaazi yakawa tayari. Televisheni ya taifa ya nchi hiyo huonyesha sherehe mubashara, na matangazo hupatikana kwenye intaneti, ila maelezo huwa kwa Kimalei, kwa hiyo mwongozaji ajiandae kueleza mwenyewe. Chaji vyombo usiku, usiitegemee stima.

Kwenye skrini mtaona kwanza ukumbi wa enzi wa Istana Negara, ikulu mpya ya Kuala Lumpur iliyoanza kutumika mwaka 2011. Wafalme wengine na magavana huingia na kuketi kabla, kisha mfalme na malkia huja kwa msafara ulioongozwa na mkuu wa itifaki ya ikulu, Datuk Paduka Maharaja Lela, huku nyuma yao yakibebwa mapanga, mikuki, marungu ya heshima na miavuli ya rangi ya manjano. Manjano ni rangi ya wafalme kwa Wamalei. Mtu wa pwani yetu aliyealikwa katika shughuli ya kifalme huko, na wapo vijana wetu waliosoma vyuo vya Malaysia, asivae nguo ya rangi hiyo.

Simamisha maelezo mengine hapo, waache watu wayatazame mavazi. Joho refu jeusi lililotariziwa kwa nyuzi za dhahabu, ambalo mfalme hulivaa siku hiyo, huitwa Muskat, na inaelezwa kwamba asili yake ni vazi la Maskati, Oman. Wazee hawatakuwa na haja ya kuelezwa Maskati ni wapi, kwa kuwa mji wetu uliishi chini ya masultani waliotoka huko, na ngome iliyo katikati ya Lamu ilikamilishwa katika zama hizo. Ni jambo la kutafakari kwamba pepo zilezile za biashara zilizoleta majoho ya Kiomani kwenye milango yetu ziliyapeleka pia hadi kwenye kiti cha enzi cha Wamalei.

Kisha elekeza macho kichwani. Pengine kijana atauliza, "Mwalimu, mbona hakuvishwa taji?" Jibu lake ni kwamba mfalme wa Malaysia havishwi taji na mtu yeyote. Anaingia ukumbini akiwa tayari amevaa kilemba chake, kitambaa kilichokunjwa kwa ustadi na kukazwa, kwa mtindo uliotoka Negeri Sembilan, jimbo la mfalme wa kwanza, na mbele yake kina nyota yenye ncha 14. Kito kinachofanana na taji yuko nacho malkia: ni Gandik Diraja, pambo la paji la uso lililotengenezwa kwa platini na almasi. Naamini kutokuwepo kwa taji ndiko kunakoeleza mengi kuliko vyote vilivyopo ukumbini. Taji huhitaji mkono wa kuliweka, na anayeweka huonekana yu juu kwa dakika ile. Miongoni mwa tisa walio sawa, hakuna mkono huo.

Badala ya kichwa, fuatilieni mikono. Kitu cha kwanza kinacholetwa ni Msahafu. Mfalme huupokea, huubusu, na kuuweka juu ya meza iliyo mbele yake, na waelezeni vijana kwamba hilo lina mizizi katika katiba: kila mfalme ni kiongozi wa dini ya Kiislamu katika jimbo lake, na mfalme wa nchi huibeba dhamana hiyo pia katika maeneo ya shirikisho na katika yale majimbo manne yasiyo na wafalme. Waziri Mkuu husoma tangazo la kutawazwa. Kisha huletwa keris ndefu ya dola, silaha ya Kimalei yenye upanga mwembamba. Mfalme huichomoa alani, huibusu, na kuirudisha. Upanga wake ulifuliwa kwa chuma kilichotokana na keris za majimbo 11 yaliyounda Malaya wakati wa uhuru, kabla ya Sabah na Sarawak kujiunga mwaka 1963. Kwa hiyo anachokibusu kimetoka katika kila jimbo la Malaya ya wakati ule, na si mali ya ukoo wake. Kura ile ya siri mliyoipiga barazani na chuma hiki vinasema jambo moja.

Ngoma na mizinga 21 husikika, na watu hupaza sauti mara tatu, "Daulat Tuanku!" Hapa ndipo ningemshauri mwongozaji asimame muda mrefu. Kundi linalopiga huitwa nobat, nalo si bendi ya kukodiwa: ni miongoni mwa alama za ufalme, na majimbo machache tu, kama Kedah, Perak, Selangor na Terengganu, ndiyo yenye kundi lake la tangu zamani. Wimbo wa kutawazwa ni "Raja Bertabal". Mtasikia ngoma, mtasikia zumari, ambayo masikio ya Lamu yanaijua vizuri, na juu ya yote mtasikia nafiri, parapanda ndefu ya fedha iliyonyooka, inayotoa sauti moja pana na kuishikilia. Siku moja au mbili kabla ya kikao wapelekeni vijana kwenye Jumba la Makumbusho la Lamu, pale ufukweni, wakaione siwa ya shaba ya Lamu na ile ya pembe ya ndovu ya Pate. Wawaonyeshe wasimamizi tundu la kupulizia lililo ubavuni, wazitazame nakshi kwa karibu, na mzee mmoja awahadithie kwamba siwa haikupulizwa ovyo, na kwamba aliyekosa haki ya kupulizwa siwa alikosa kitu ambacho fedha haikununua. Wakishaliona hilo, nafiri haitakuwa tarumbeta ya kigeni kwao.

Watu watauliza kama mfalme huyu anatawala. Jibu kwa uangalifu. Kazi za kila siku za serikali ziko mikononi mwa Waziri Mkuu na mawaziri wake, na katika mambo mengi mfalme hufuata ushauri wao. Lakini kumteua Waziri Mkuu ni jambo analolipima mwenyewe, na uchaguzi wa Novemba 2022 ulipokosa mshindi wa wazi, Al-Sultan Abdullah wa Pahang ndiye aliyewaita viongozi wa vyama ikulu na hatimaye kumteua Anwar Ibrahim. Nyumbani kwake mfalme humwacha kaimu, na Johor hivi sasa inashikwa na mwanawe. Pia wataulizana habari za mwezi, na swali hilo katika mji huu halikosi. Huko kuanza kwa Ramadhani na kwa Idi hutangazwa kwenye televisheni na Mtunza Muhuri wa Wafalme, yule aliyewagawia vijana wako karatasi za kura.

Jambo la mwisho la kupanga ni dharura, kwa sababu si kila muhula hufika mwisho wake. Mfalme wa pili, Sultan Hisamuddin wa Selangor, alifariki tarehe 1 Septemba 1960, siku iliyokuwa imepangwa kutawazwa kwake. Tarehe 6 Januari 2019 Sultan Muhammad V wa Kelantan alijiuzulu, wa kwanza kufanya hivyo, na kufikia tarehe 24 ya mwezi huo baraza la wafalme lilikuwa limekwisha kumchagua mrithi. Katika hali kama hiyo anayechaguliwa hapewi masalio ya muhula wa mtangulizi wake. Huanza miaka yake mitano upya, na tarehe zote mlizoziandika hubadilika. Iwekeni ile karatasi ya majimbo tisa mahali salama, na jina la Perak liandikwe kwa penseli.