Flashi iliyogeuka shotikati tupu: zana ndogo ninazotumia na jinsi ya kuokoa mafaili

Wiki iliyopita mama mdogo alinipigia simu kutoka Igoma. Yeye ni katibu wa kikoba chao, na michango ya wanachama ya miaka mitatu anaiweka kwenye Excel, ndani ya flashi moja. Asubuhi alikwenda steshenari kuprinti taarifa ya mwezi. Mchana alipoichomeka flashi nyumbani, kila folda ilikuwa imegeuka shotikati, yaani kialama chenye kishale kinachoelekeza tu kwenye faili jingine, na alipoibofya hakuona cha maana. "Mwanangu, hela za watu hizi. Jumamosi nitasimama niwaambie nini?" Nikachukua flashi yangu ya zana, nikapanda daladala.

Mafaili yote yalipatikana. Nimeandika hapa nilichofanya siku ile kwa mpangilio uleule, kwa sababu simu ya namna hii naipokea mara nyingi, na karibu kila anayenipigia ameshashauriwa na mtu kufomati, yaani kufuta kila kilichomo kwenye flashi. Maelezo haya ni ya Windows 10 na 11.

Hatua ya 1: Andaa flashi ya zana kwenye kompyuta safi

Programu zangu zote ni ndogo na kila moja ina kazi moja. 7-Zip inatoka 7-zip.org, Everything voidtools.com, WizTree diskanalyzer.com, CrystalDiskInfo crystalmark.info, SumatraPDF sumatrapdfreader.org, VLC videolan.org. Autoruns, inayoorodhesha kila kinachojiwasha pamoja na Windows, ipo kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe. Nyingi ni MB chache tu. VLC ndiyo inakula bando, inapita MB 40. Palipo na toleo lililoandikwa "Portable", chukua hilo, maana linafanya kazi moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa.

Anuani iandike mwenyewe kule juu, herufi kwa herufi. Ukitafuta kwa jina, matokeo ya kwanza mara nyingi ni matangazo, na ukurasa wa tangazo una kitufe kikubwa cha kijani kinachokushushia kitu kingine kabisa. 7-Zip imetengenezwa na Igor Pavlov tangu 1999 na haijawahi kuuzwa. Ukiona unadaiwa hela au namba ya kadi, umepotea njia, funga ukurasa.

Zile programu zinazojiita visafishaji, za kuongeza kasi ya kompyuta kwa kubofya mara moja, siziweki kwa mtu yeyote. Zinatisha watu kwa maandishi mekundu, zinajiwasha zenyewe kila asubuhi, na kompyuta inazidi kuwa nzito.

Zana zangu siku hizi naziweka kwenye kadi ya SD yenye kiswichi cha kufunga pembeni, ndani ya kisoma kadi. Kiswichi kikiwa kimefungwa, kompyuta yenye virusi kwa kawaida haiwezi kuiandikia.

Hatua ya 2: Linda bando

Ukiunganisha kompyuta na hotspot ya simu, ingia Settings, sehemu ya Wi-Fi, fungua sifa za mtandao huo, washa "Metered connection". Usipofanya hivyo Windows itaanza kushusha masasisho yake na bando la wiki litaisha kabla ya chai.

Hatua ya 3: Pima afya ya diski

Fungua CrystalDiskInfo. Buluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Ikiwa njano, tazama mistari yenye namba 05, C5 na C6, ambayo inahusu sehemu za diski zilizokufa au zinazoshindwa kusomeka. Hapo acha kila kitu, nakili kwanza mafaili ya muhimu kwenye diski nyingine. Ya mama mdogo ilikuwa buluu.

Hatua ya 4: Okoa flashi

Hapa soma yote kabla hujagusa kitu.

Kwanza elewa kilichotokea. Kirusi hiki kwa kawaida hakifuti mafaili yako. Kinayapa alama mbili, ya kufichwa na ya mfumo, ili Windows isiyaonyeshe, kisha kinaweka shotikati zenye majina yaleyale. Tangu Windows 7 iliyotoka 2009, kompyuta haiendeshi tena yenyewe faili la autorun lililoko kwenye flashi, kwa hiyo kirusi kinahitaji mkono wako. Ukibofya shotikati, kinaingia kwenye kompyuta, na mara nyingi kinakufungulia folda yako halisi ili usishtuke. Ndiyo maana mtu anaweza kutumia flashi kama hiyo wiki nzima, anaisambaza mtaa mzima, hajui.

Kwa hiyo, usibofye shotikati. Usifomati. Na kama ulishabofya, kama mama mdogo aliyebofya mara tatu akidhani imekwama, basi kompyuta nayo imeshaambukizwa, na lazima isafishwe kabla ya flashi. Mpangilio huu niliujifunza kwa machungu. Miaka ya nyuma kijana mmoja wa chuo pale Nyegezi aliniletea flashi yenye utafiti wake. Nilianza baada ya Magharibi, nikawa nayafichua mafaili, nayaona kwa macho yangu, nikichomoa na kuchomeka tena yamefichwa upya. Nilifika saa nane za usiku nikiamini flashi imekufa. Flashi ilikuwa nzima. Kompyuta yangu ndiyo iliyokuwa inaiambukiza kila ilipoigusa.

Kusafisha kompyuta: chomoa flashi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue orodha ya programu zinazofanya kazi. Ukiona "Microsoft Windows Based Script Host", au wscript.exe kwenye orodha ya undani, na hukuiwasha wewe, isimamishe. Kisha fungua Autoruns kwa kibali cha msimamizi ("Run as administrator"), nenda sehemu ya "Logon", halafu "Scheduled Tasks". Unatafuta mstari unaoita faili la mwisho wa .vbs au .js, au .exe ya jina lisiloeleweka, lililokaa ndani ya folda ya AppData au Temp. Ondoa alama ya vema kwenye mstari huo, usiufute bado, ukikosea utairudisha. Programu nyingi halali nazo zinaishi AppData, kwa hiyo soma jina la mtengenezaji kabla ya kugusa. Na usiwashe kichujio cha kuficha vitu vya Microsoft, kwa sababu wscript yenyewe, inayoendesha mafaili ya .vbs na .js, ni programu halali ya Microsoft, na kirusi kinajificha mgongoni kwake.

Halafu fungua Windows Security, sehemu ya virusi, ingia "Scan options", chagua ile iliyoandikwa "offline scan". Kompyuta itajizima na kuwaka, itajichunguza kabla Windows haijaamka, kama robo saa hivi. Hakikisha betri imejaa. Siku ile umeme ulikatika Igoma katikati ya zoezi, na ni betri tu iliyotuokoa tusianze upya.

Sasa chomeka flashi, lakini usiifungue kwa kuibofya. Fungua 7-Zip File Manager uingie kwenye flashi ukiwa humo. Watu wengi wanaijua 7-Zip kwa kufungua mafaili ya zip tu, kumbe kidirisha chake kinaonyesha kila kitu, hata kilichofichwa. Ndiyo maana siondoki nyumbani bila hiyo. Utaziona folda zako halisi pembeni ya shotikati. Ukiona folda isiyo na jina, pengo tupu tu, ingia. Aina fulani ya kirusi hukusanya mali yako yote humo.

Tengeneza folda C:\Okoa kwenye kompyuta, nakili humo nyaraka zako tu: Excel, Word, PDF, picha. Kila chenye mwisho wa .lnk (ndizo shotikati), .vbs, .js au .exe kiache kilipo. Kagua na ndani ya folda ndogo, maana vinajipenyeza huko.

Nakala hizo huenda bado zina alama za kufichwa, kwa hiyo ukifungua C:\Okoa kwa kawaida unaweza kuiona tupu. Usipaniki. Fungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, andika mistari hii miwili, kila mmoja na Enter yake:

cd /d C:\Okoa
attrib -s -h -r /s /d *.*

Kabla ya Enter ya mstari wa pili, tazama kwenye kioo: lazima uone C:\Okoa> mwanzoni mwa mstari. Ukiona C:\> peke yake, simama. Amri hiyo ikienda kwenye mzizi wa diski itavua alama mafaili ya Windows yenyewe. Na -s na -h ziandikwe pamoja. Usiku ule wa Nyegezi nilikuwa naandika -h peke yake, kompyuta inanijibu "Not resetting system file", nami nikadhani ni kirusi kinanikatalia. Kilichokataa ni utaratibu wa Windows: faili lenye alama zote mbili halivuliwi moja huku nyingine imebaki.

Fungua mafaili moja baada ya jingine. Mama mdogo alifungua daftari la michango, akashuka hadi mstari wa mwisho, akasoma jina na kiasi kwa sauti, ndipo akakaa vizuri kwenye kiti. Baada ya hapo tu ndipo flashi inafomatiwa.

Kama 7-Zip haionyeshi kitu na nafasi iliyotumika kwenye flashi ni sifuri, hapo mafaili yamefutwa kweli. Usiandike chochote kwenye flashi hiyo. Tumia PhotoRec ya cgsecurity.org, na unachookoa ukihifadhi kwenye diski nyingine. Majina ya mafaili hayarudi, kwa hiyo jiandae kufungua moja moja.

Hatua ya 5: Nafasi, na kutafuta

WizTree inasoma orodha ya diski moja kwa moja, hivyo ndani ya sekunde chache inakuonyesha kilichojaza. Kwa mama mdogo zilikuwa video za harusi, nakala tatutatu kwenye Downloads. Futa vya kwako tu; folda ya Windows usiiguse hata ikionekana nene.

Everything inatafuta kwa jina unapoandika. Andika ext:xlsx upate Excel zote zilizomo kwenye kompyuta, au dm:today upate yaliyobadilika leo.

Hatua ya 6: Video na PDF

VLC na SumatraPDF. Basi.

Hatua ya 7: Nakala ya pili na flashi ya steshenari

FreeFileSync inalinganisha folda mbili na kunakili kilichopungua. Chagua "Update". "Mirror" inafuta upande wa pili chochote kisichokuwepo upande wa kwanza, na ukikosea upande, umejifutia mwenyewe. Kumbukumbu za kikoba sasa ziko kwenye kompyuta na kwenye flashi nyekundu inayokaa kabatini.

Flashi ya zamani, ile nyeusi, imebaki ya steshenari peke yake. Mama mdogo anahifadhi taarifa kama PDF kutoka kwenye Excel, anaweka hiyo PDF moja tu, anakwenda kuprinti, na akirudi anaifomati kabla ya kuvua kitenge.